Miombo Inapochipua: Kuchagua Njia ya Siku Kadhaa Kutoka Songea

Katika nyanda za Songea miti haisubiri mvua. Mwishoni mwa Septemba, nyasi zikiwa zimeungua na vumbi limelala juu ya kila jani lililobaki kando ya barabara, miombo huanza kutoa majani mapya. Hutoka mekundu, mengine ya rangi ya shaba, na baada ya wiki chache hugeuka kijani kibichi. Mvua yenyewe bado iko mbali. Huku msimu wa mvua ni mmoja, kwa kawaida huanza Novemba na kwisha Aprili au mwanzoni mwa Mei, na miti hii huchipua kwa maji iliyoyaweka ndani ya shina na inayoyavuta kutoka chini kwa mizizi mirefu. Kwa mtu anayetaka kutembea siku nne au tano akiwa na begi mgongoni, mbali na honi na spika, sijui wiki nzuri kuliko hizo. Baridi ya Juni na Julai, ambayo Umatengoni, milimani magharibi mwa Songea, hukaza vidole hadi mtu ashindwe kufunga kamba za viatu, imekwisha. Mahindi yamekwishavunwa, kwa hiyo wenyeji wana nafasi ya kukuelekeza. Njia ni kavu, na kivuli kilichopotea Agosti kinaanza kurudi.

Uzuri huo una sharti lake. Miti inachipua wakati vijito vingi vimekauka. Anayeangalia picha za misitu ya Septemba akaona wekundu na kijani anaweza kudhani nchi imejaa maji, akafunga safari na chupa moja. Ndiyo maana katika sura hii sianzi na mandhari wala hema. Naanza na maji, kwa sababu katika majira haya maji ndiyo yanayochora njia; miguu inafuata tu.

Waliotembea nchi hii kabla yetu walilijua hilo vizuri. Misafara iliyotoka Kilwa kwenda Ziwa Nyasa katika karne ya 19, ikirudi na pembe za ndovu na watu waliotekwa, ililala palipokuwa na maji na chakula cha kununua. David Livingstone, aliyetua pwani ya kusini mwaka 1866 na kufuata Mto Ruvuma kwenda bara, alisafiri kwa kutegemea watu waliozijua njia hizo. Baadaye, wakati wa ukoloni wa Waingereza, vijana wa Kingoni na Kindendeule walitoka Songea kwenda kukata mkonge katika mashamba ya mbali, na wengi wao walikwenda kwa miguu. Hakuna aliyewaita wapenda matembezi. Hata hivyo ujuzi wao wa njia, wa mahali pa kulala na mahali pa kuchota, ndio ujuzi tunaouhitaji, na bado upo kwa wazee wa vijiji hivi.

Sasa tuchague upande. Wengi hudhani kimya kinapatikana kusikokaa watu, hivyo huitazama ramani ya Mkoa wa Ruvuma na kuelekeza kidole mashariki, kwenye pori kubwa la Namtumbo na Tunduru lenye majina machache ya vijiji. Nawasihi wasiende huko peke yao. Pori hilo ni ushoroba wa wanyama unaounganisha hifadhi ya Selous na ile ya Niassa iliyo ng'ambo, Msumbiji. Tembo hupita humo, simba wamo, nyati wamo. Vijiji vimetenga sehemu za ardhi yao kuwa maeneo ya jumuiya za hifadhi ya wanyamapori, kama Mbarang'andu na Kimbanda upande wa Namtumbo na Nalika upande wa Tunduru, na kazi hiyo inastahili heshima. Lakini fikiria Septemba: mabwawa yamebaki machache, na mnyama na mtembeaji wote wana kiu. Wote wawili wataelekea kwenye dimbwi lile lile, jioni ile ile. Ukitaka ushoroba, nenda kwa kibali na askari wa wanyamapori, na uvumilie mbung'o. Hiyo ni safari ya aina nyingine kabisa.

Kusini napo napaacha. Mto Ruvuma unapokuwa mpaka na Msumbiji, kila mtu mwenye begi kubwa ni wa kuulizwa maswali, na wanaouliza wana haki ya kuuliza. Kaskazini kuna barabara kuu ya Njombe inayopita Madaba, na malori yake husikika hadi vilima vya pili. Mabonde yake yanavutia, ila kila ukidhani umeiacha lami nyuma, inakujia tena mbele.

Matogoro ni jambo jingine. Milima hii iko mlangoni mwa mji wa Songea, na humo ndimo Ruvuma unamoanzia, kabla haujafanya safari ya kama kilometa 800 hadi Bahari ya Hindi. Ni msitu wa hifadhi, kwa hiyo pita kwanza ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu, ujue unaruhusiwa kuingia wapi. Mji unategemea maji yanayotoka huko: usiwashe moto, usifulie kwenye kijito, usiache hata ganda la sabuni. Matogoro ni mafupi kwa safari ya siku kadhaa, lakini hakuna mahali pazuri zaidi pa kujipima. Panda na mzigo wako wote, kamili, kama vile unakwenda wiki nzima, kisha ushuke siku hiyo hiyo. Mabega yatakwambia kilicho cha lazima na kilicho cha tamaa. Ukibaki na nusu siku mjini, itumie Makumbusho ya Majimaji pale Mahenge. Wakuu wa Kingoni waliopigana Vita vya Majimaji walinyongwa na Wajerumani mjini humu tarehe 27 Februari 1906, na Nduna Songea Mbano, ambaye mji unabeba jina lake, anasimuliwa kuwa alijificha katika mapango ya Chandamali. Watu walipita vilima hivi usiku, na njaa iliwafuata baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala. Mtu anayetembea Ruvuma kwa starehe anafaa kulijua hilo kabla hajaweka mguu njiani.

Umebaki upande wa magharibi, na magharibi ndiko nikuelekezako.

Njia ninayoipendekeza inaanza Mbinga, inapanda Umatengo hadi Litembo, inashuka bonde la ziwa hadi Liuli, halafu inafuata ufukwe wa Nyasa kwenda kusini na kuishia Mbamba Bay. Basi la asubuhi kutoka Songea linakufikisha Mbinga kwa lami. Kutoka Mbinga hadi Litembo ni kama kilometa 20 kwa mstari ulionyooka, na kutoka Litembo hadi Liuli ni zaidi kidogo ya hapo. Miguuni ongeza nusu yake, kwa sababu huku hakuna kilichonyooka. Watu wenye nguvu wanaweza kuimaliza kwa siku nne. Mimi nashauri tano, ili siku ya kushuka isiwe na haraka na ziwa lisionwe kwa kukimbia.

Utashangaa, kwa sababu Umatengo una watu wengi. Vijiji vinaonana kutoka mgongo mmoja wa mlima hadi mwingine, na juu kabisa huoni msitu. Unaona mashamba, mibuni, migomba na nyumba za tofali za kuchoma. Mtu atauliza kimya kiko wapi. Kimya kipo kwa sababu ya miinuko. Bodaboda hufuata barabara, na barabara hufuata pale mlima unaporuhusu. Katikati yake kuna njia za miguu zinazokata moja kwa moja kutoka kijiji hadi kijiji, na huko hakuna injini. Utasikia jembe, mtoto akiita mbuzi, kengele ya kanisa kutoka mgongo wa pili wa mlima. Isitoshe, tangu lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay ikamilike, kilometa 66 hivi, anayekwenda ziwani kwa haraka hupanda gari. Njia za miguu zimebaki kwa wanaokwenda shambani, shuleni na kwa jirani. Kimya cha namna hii kina usalama ndani yake: ukiteguka kifundo cha mguu, kuna mtu wa kusikia sauti yako. Litembo kuna hospitali ya Jimbo Katoliki la Mbinga, na Liuli kuna hospitali ya Anglikana. Sijui njia nyingine ya siku nyingi Ruvuma iliyo na hospitali mbili, moja juu na moja chini.

Na kuna maji. Milima ya Umatengo huzuia mawingu ya ziwa, na mabonde yake mengi hutiririka mwaka mzima. Hata hivyo usiamini, pima. Kwenye ramani za serikali za skeli ya 1:50,000 mito ya kudumu na ya msimu huchorwa kwa mistari tofauti, ila nyingi zilitengenezwa kutoka picha za ndege za miongo mingi iliyopita, na bonde lililokuwa na msitu wakati ule huenda leo lina mahindi. Tazama pia picha za satelaiti, na uchague za Septemba, si za Machi. Mwezi huo mlima wote ni kahawia, na ukanda mwembamba wa kijani unaokata mteremko ndio mtaro wenye maji. Weka alama hapo. Njia yako ya kila siku itoke kwenye ukanda mmoja wa kijani hadi mwingine, hata kama inarefuka.

Ukifika mwenyewe bondeni, yasome matope. Nyayo mpya za watu pamoja na alama za duara za ndoo zilizotuliwa maana yake watu wanachota hapa na wanakunywa. Ukiona alama za kwato tupu, au udongo uliofukuliwa na nguruwe, panda juu ya mkondo zaidi kabla hujachota. Ukikuta matete mabichi lakini mkondo hauonekani, chimba shimo la kiganja kwenye mchanga kando yake, subiri lijae, mwaga maji ya kwanza, ngoja tena, ndipo uchote. Yachemshe yote au uyatie dawa. Katikati ya chemchemi mbili beba lita tatu kwa mtu mmoja. Siku ya kushuka ziwani beba nne.

Hapa Umatengoni simama utazame ngoro. Wamatengo wamelima miinuko hii kwa namna yao tangu kabla ya ukoloni, na Septemba, baada ya mavuno, ndipo shamba linaonekana umbo lake bila mazao kulifunika: mlima mzima umejaa mashimo ya mraba, kila moja kama mita moja na nusu upande hadi upande, yamezungukwa na matuta. Kazi yenyewe hufanyika masika yanapokaribia kwisha. Wanaume hufyeka nyasi ndefu na kuzilaza mistari inayokatana, juu chini na kushoto kulia. Nyasi zikishanyauka, wanawake huja na majembe, huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuufunika juu ya nyasi. Nyasi huoza ndani ya tuta na kuwa mbolea. Shimo hukamata maji ya mvua na udongo uliotaka kukimbia. Maharage hupandwa kwanza juu ya matuta, mahindi hufuata msimu wa mvua unaokuja. Mteremko ambao ungemwagika wote bondeni kwa mvua mbili umelisha watu vizazi kwa vizazi. Naona ngoro ni mojawapo ya kazi kubwa za uhandisi katika nchi hii, na inaniuma kwamba vijana wengi wa Dar es Salaam wanaifahamu Machu Picchu ya Peru lakini hawajawahi kuisikia hii. Njia ya miguu mara nyingi hupita ukingoni mwa mashamba haya. Usikanyage matuta ili kufupisha kona. Tuta moja ni kazi ya mgongo wa mtu.

Kila kijiji utakacholala, anzia ofisi ya kijiji. Hili si jambo la hiari. Mtendaji atakuuliza unatoka wapi, unaelekea wapi na unalala kwa nani, kisha utaandika jina lako kwenye kitabu cha wageni. Ukifanya hivyo saa kumi jioni, utaonyeshwa pa kuweka hema, mara nyingi uwanja wa shule au kando ya kanisa, na habari zako zitatangulia kijiji kinachofuata. Ukikwepa ukajificha kwenye kichaka, usiku watu watakuja na tochi, na watakuwa sahihi. Chukua kitambulisho, na kama unaongozana na wageni wa nje, nakala za pasipoti zao.

Njiani uliza, na uliza vizuri. Mwenyeji atakwambia mahali ni “hapo tu,” naye hakudanganyi. Kwake ni hapo tu. Swali linalosaidia ni hili: “Ukitoka hapa alfajiri, unafika saa ngapi?” Kisha ongeza saa moja kwa kila saa tatu atakazokutajia, kwa ajili ya mzigo wako. Mazungumzo huwa ya namna hii:

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, wajukuu zangu. Mbona na mizigo hivyo, gari limewaharibikia?”

“Hapana, babu. Tunatembea tu hadi ziwani.”

“Hadi ziwani! Haya. Basi hiyo ya kushoto msiishike, inaishia shambani kwa watu. Shikeni ya juu, mkifika kwenye mwembe mkubwa muulize tena.”

Neno la mwisho hapo ndilo la kushika. Uliza tena. Njia za miguu hubadilika kila msimu wa kilimo, na hakuna simu inayozijua kuliko anayepita kila siku.

Siku ya kushuka ndiyo siku ya miombo. Ukishaacha mashamba ya juu, mteremko unaotazama ziwa ndio unaobeba miti ambayo ulikuja kuiona, na asubuhi, jua likiwa nyuma yako, majani mapya huangaza kama taa za karatasi. Chini ya miti utaona mikusu ikiwa na matunda mabichi. Masuku, yaani matunda hayo, huanza kuiva mvua inapokaribia. Ila usisahau miguu. Kutoka migongo ya juu hadi maji ya ziwa, yaliyo chini kidogo ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, unashuka zaidi ya mita 1,000, na joto linapanda kadiri unavyoshuka. Jua huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu. Anza kutembea hapo hapo, upumzike kuanzia saa tano, uendelee saa tisa. Fupisha hatua, chukua fimbo, na funga viatu viwe vya kubana kwenye kifundo ili vidole visigonge mbele. Magoti yanaumia kwa kushuka kuliko kwa kupanda, na maumivu yake huja kesho yake.

Na moto. Septemba na Oktoba ni miezi ya moto wa porini: wa kuandaa mashamba, wa wawindaji, wa wavuna asali. Ukiona moshi, tazama upepo unakokwenda kabla ya kuendelea; moto hupanda mlima haraka kuliko mtu, kwa hiyo usikae juu yake kwenye mteremko. Eneo lililokwisha kuungua ni mahali salama pa kupumzikia, ingawa utachafuka. Wewe mwenyewe pikia jiko dogo la gesi au mkaa palipo na udongo mtupu, na mkaa uumwagie maji kabla ya kuondoka, hata kama unaona umezimika.

Liuli utaona jiwe kubwa la Pomonda likiwa limetoka majini. Wajerumani waliona umbo la sanamu ya Misri ndani yake wakaipa bandari jina la Sphinxhafen, na hapo, Agosti 1914, meli ya Waingereza Guendolen iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann. Vita kuu ya dunia ilifika Nyasa kabla ya watu wengi wa ziwani kujua kwamba imeanza. Leo utakuta usipa, samaki wadogo wa ziwani, wameanikwa juani, ugali wa muhogo, na usiku mbu ambao juu Umatengoni walikuwa wachache. Chandarua kilichokuwa mzigo bure siku tatu za mwanzo sasa kina thamani yake. Ufukwe kwenda kusini ni mzuri sana na mchanga wake ni mwepesi kukanyaga asubuhi, lakini kila unapokutana na mdomo wa mto, panda juu uulize wanapovukia wenyeji. Mamba hukaa midomoni mwa mito. Kichocho nacho kimo ziwani, hasa penye maji yaliyotulia na majani, kwa hiyo ogelea penye mawe na maji ya wazi, au usiogelee; ukirudi nyumbani pima hospitali baada ya miezi miwili hata kama hujisikii vibaya.

Tarehe ninazozitetea ni kati ya tarehe 20 Septemba na tarehe 15 Oktoba. Kabla ya hapo majani bado. Baadaye joto la ziwani huwa kali mno, na Novemba mvua ikianza, udongo mwekundu wa Umatengo huteleza kiasi kwamba mwenye mzigo wa kilo 12 hawezi kushuka kwa usalama. Vijito ulivyoviruka kwa hatua moja vinafika magotini. Nendeni wawili au watatu, msizidi watano, kwa sababu kundi kubwa hubeba kelele yake lenyewe na humaliza maji ya kisima kidogo cha watu. Anza kuuliza habari za maji mwezi Agosti, kwa kumpigia mtu wa Litembo au Liuli unayemfahamu, au kupitia parokia. Akikwambia mwaka huu vijito vya mteremko vimekauka mapema, ahirisha hadi mwakani. Milima haihami, na miombo itachipua tena Septemba ijayo.